Daktari wa nne ndo aliyeuliza "nani analala naye?"

Mnisamehe ni ndefu kidogo. Nimezunguka na mume wangu miezi 14 hapa Dar kutafuta daktari wa usingizi, na mambo niliyojifunza ningeambiwa mapema tungeokoa hela nyingi na tungeokoa pia zile safari alizoendesha lori huku anasinzia, ambazo nikizikumbuka hadi leo mwili unasisimka. Kliniki tuliyofanikiwa sitaitaja jina kwa sababu daktari sikumwomba ruhusa, na tulikopotezea muda nako sitaji, nia yangu ni mjue daktari wa ugonjwa huu wa pumzi kukatika usingizini anafananaje ukimuona.

Mume wangu ni dereva wa lori, Dar Tunduma, miaka 19 sasa. Kukoroma anakoroma tangu namjua, na kwetu mtu akikoroma tunasema kachoka, kalala fofofo. Ila miaka miwili hii kukoroma kukabadilika, anakoroma weee halafu kimya, kifua kinapanda kinashuka lakini hewa haiingii, mimi pembeni roho juu nahesabu, halafu anashtuka kama mtu anayetolewa majini, anavuta pumzi moja kubwa na kurudi kukoroma. Usiku anaamka kukojoa mara 4 mpaka 5, na asubuhi baada ya masaa 8 kitandani anaamka kichwa kinauma, mdomo umekauka, mkali kwa watoto. Mama mkwe akasema jinamizi linamkaba, tukasoma dua, na bado nasoma.

Kilichonitoa nyumbani ni simu ya utingo wake. Akaniambia shemeji usimwambie kama nimekuambia, bosi amefumba macho Kitonga, nimempiga begani ndo akakata kona. Anayeijua Kitonga anajua kona zile na lile bonde. Sikulala siku hiyo.

Daktari wa kwanza ni wa hospitali kubwa tu ambako alikuwa anachukulia dawa za presha. Presha haishuki, anaongezewa dawa, zikafika aina 3, na haijashuka. Hakuna siku aliulizwa analalaje, nikijaribu kuchomekea naambiwa mama subiri nje. Nakuja kujua baadaye kwamba presha inayogoma dawa ni moja ya vitu vinavyotakiwa kumfanya daktari aulize habari za usingizi, nililia jamani.

Wa pili ni zahanati ya jirani. Mume wangu akasema "silali vizuri", basi, hakuulizwa zaidi, akaandikiwa vidonge vya usingizi. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: KAMA MTU ANAKATIKA PUMZI USINGIZINI USIMPE DAWA YA USINGIZI BILA KUPIMWA. Zile dawa zinaweza kulegeza misuli, na shida yenyewe ni koo linalolegea na kuziba. Usiku wa pili wa vile vidonge nilihesabu kimya hadi nikamtikisa kwa nguvu, na hata kuamka alichelewa. Nikavimwaga chooni vyote.

Wa tatu alikuwa wa masikio, pua na koo, na huyu namheshimu sana ingawa sio yeye aliyetibu. Alimuangalia kooni, akaangalia pua, akasema pua iko sawa, mlango wa koo ni mwembamba, na ulimi ni mkubwa kwa nafasi iliyopo, ila mimi nikikimbilia kukata nitakuwa nakudanganya, nenda kapime usingizi kwanza. Akaandika barua kwenda kwa daktari wa kifua anayeshughulika na mambo ya usingizi. Daktari anayekubali kukusukuma kwa mwenzie badala ya kung'ang'ania hela yako, huyo mshike.

Sasa huyo wa nne. Tumeingia, tumekaa, mume wangu ndo mgonjwa kwa hiyo kiti chake kiko mbele. Daktari akasoma barua, akauliza "nani analala naye?" Mume wangu akanionyesha mimi. Yule daktari akageuza kiti chake kabisa, akanitazama mimi, akasema haya mama tuambie, yeye wakati huo hayupo. Mwaka mzima na zaidi hakuna mtu aliyeniuliza. Nikatoa simu, nilikuwa na video ya dakika 2 niliyorekodi usiku. Akavua saa mkononi akaiweka mezani, akacheza video, akahesabu kwa sauti ya chini. Kimya kimoja kilifika sekunde 34. Akasema kukatika kwa sekunde 10 tu tayari kunahesabika. Mume wangu alikuwa hajawahi kujisikia akilala, alikaa ameshika tama haongei.

Halafu akachukua tepu kama ya fundi cherehani akampima shingo, sentimita 44. Akaeleza kwamba shingo ya mwanaume ikizidi 40 hivi wanaiangalia kwa makini. Akampa karatasi yenye maswali 8, unajipa kuanzia 0 mpaka 3 kila swali, uwezekano wa kusinzia ukiwa unaangalia tv, umekaa baada ya kula mchana, abiria kwenye gari saa nzima, gari limesimama kwenye foleni, vitu kama hivyo. Ukizidi 10 una usingizi uliopitiliza. Mume wangu akajaza, jumla 3! Daktari akanipa mimi karatasi nyingine nimjazie mume wangu, nikapata 17.

Pale ndo nilipojua huyu mtu anajua kazi yake, maana hakumgombeza. Alimwambia kaka, unaogopa nitakuandikia barua kwa tajiri wako upoteze kazi. Mume wangu akaitika kwa kichwa. Akamwambia mimi siri yako sitoi ila usishike usukani mpaka tumalize, omba likizo, sema unaumwa kwa sababu kweli unaumwa, na huu ni ugonjwa ambao ukitibiwa unarudi kazini. Madereva wangapi wanaficha kwa hofu hiyo hiyo jamani, naamini ni wengi.

Kipimo tulifanyia nyumbani. Kuna kile cha kulala kliniki wanakubandika nyaya kichwani, kidevuni, miguuni, lakini alisema kwa mtu ambaye dalili ziko wazi hivi na hana ugonjwa mwingine wa moyo au mapafu, cha nyumbani kinatosha kuanzia, na kikitoka safi huku dalili zipo basi tusikiamini, tungerudi kulala pale. Ni kimashine kidogo, mkanda kifuani, kamrija puani, kibano kidoleni. Wametufundisha kufunga mbele yao, nikaambiwa nifunge mimi mwenyewe mara mbili waone. Majibu: mara 41 kwa saa pumzi inakatika au inapungua, oksijeni ya damu ikashuka mpaka asilimia 71. Kukatika chini ya mara 5 kwa saa ndo kawaida, kuanzia 30 ni kali. Daktari akatufungulia grafu kwenye kompyuta, akashusha kidole polepole kwenye mstari wa oksijeni, ulikuwa kama meno ya msumeno usiku kucha. Akasema ndugu yangu, wewe hujalala miaka, ubongo unaamshwa kila dakika na nusu ili usife, ndo maana moyo na presha havipumziki, na hata ule mkojo wa usiku unatoka hapo hapo.

Tiba ni mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisizibe, wanaiita CPAP. Mume wangu alivyoiona ile barakoa alisema hapana, sijafika ICU. Daktari akamsimulia kwamba aliyeibuni, Colin Sullivan wa Sydney, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alianzia na mota ya mashine ya kufyonza vumbi, na watu waliivaa hiyo wakalala, hii yako haina kelele kuliko feni. Akamwambia uivae mchana kwanza ukiangalia mpira, dakika 20, usilale nayo. Ile mbinu ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Mabaya nayo niyaseme. Miadi ya saa 4 asubuhi tuliingia saa 7 na hakuna aliyekuja kutuambia chochote. Mapokezi dada mmoja alitaja ugonjwa wa mume wangu kwa sauti watu wote wakageuka, nikamwendea nikamwambia taratibu, akaomba msamaha. Ripoti yote ni Kiingereza. Na hela, bima ililipa kumuona daktari tu, mashine ikagoma kabisa, na mashine mpya bei yake ilikaribia bodaboda mpya, tuliuza mabati tuliyokuwa tunajengea na shemeji zangu wakachanga.

Kuna mtu alitutafuta na mashine iliyotumika, imetoka nje, nusu bei. Daktari alituambia tusinunue kabla hajaiona na namba zake, kwa sababu mwezi wa 6 mwaka 2021 kampuni ya Philips walitangaza kuziita mashine zao nyingi za aina hii zirudi, sponji ya ndani ya kupunguza sauti inaweza kumomonyoka mtu akaivuta, na nyingine zinaweza kuwa bado zinazunguka mikononi mwa watu. Yule muuzaji alivyoombwa namba akapotea hewani.

Barakoa ya kwanza ilikuwa inavujisha hewa inampiga machoni, siku 4 akaitupa pembeni. Nikapiga simu, wakatuambia njooni na mashine, wakambadilishia kubwa inayofunika mdomo na pua bila kutudai, maana kumbe analala mdomo wazi. Hii huduma ya baada ya kuuziwa ndo ya kuuliza kabla hujatoa hela. Swali lingine la umeme. Nyumbani tuna betri kwa siku umeme unakatika, na kwenye lori fundi umeme wa magari alimfungia inveta, mkumbuke malori mengi ni volti 24, usichomeke tu. Na maji ya kile kitenki cha mashine kinachoipa hewa unyevu ni maji yaliyokenekwa kutoka duka la dawa. Mume wangu alitaka kujaza maji ya betri ya gari, daktari akapiga kelele kabisa, zile chupa huna uhakika kama zina asidi ndani.

Tumerudi baada ya miezi 3, mashine yenyewe inatunza kumbukumbu, analala nayo wastani wa masaa 6, kukatika kumeshuka mpaka 3 kwa saa. Presha imetulia, dawa moja imeondolewa, na ni daktari kaondoa sio sisi. Usiku anaamka mara moja au haamki hata hiyo, anapitiliza. Amerudi barabarani mwezi uliopita. Uzito bado anatakiwa apunguze kilo 12 na hapo bado tunabishana kuhusu chipsi za njiani.

Kliniki naipa 4 kati ya 5, ile moja ni ya kusubirishwa. Mwenye mtu anayekoroma halafu anakata, mrekodi leo usiku, dakika 2 zinatosha, simu iwe usawa wa kifua ili isikie sauti na kifua kionekane, taa iwake. Na siku ya kwenda kwa daktari ingia naye ndani, wakikwambia mama subiri nje waambie wewe ndo shahidi.