TAHADHARI: FUNDI WA SEVA ANAYEUZA "GIGA 8" HEWA

Jamani, naandika haya mkono unatetemeka kwa hasira, na aibu pia, kwa hiyo msinicheke kwanza.

Tovuti ya duka langu mnaijua, inakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kukodi iliyo mbali, na mnajua ilivyokuwa inanitesa kila Jumamosi usiku. Wateja wametulia nyumbani na simu zao, ukurasa unazunguka tu, sekunde arobaini, mtu anachoka anaenda kununua kwa mwingine.

Basi akaja huyu bwana, saa nne usiku, naelekea kufunga. Shati limepigwa pasi, kompyuta begani, kaletwa na mtu ninayemheshimu. Akakataa soda! Tapeli gani anakataa soda? Akakaa kwenye kiti changu nyuma ya kaunta, akafungua ile skrini nyeusi, maandishi yanashuka kama mvua. Akakunja uso. "Kaka, seva imeelemewa. Una giga moja ya memori, yaani nafasi ya kufanyia kazi, biashara hii inataka nane." Bei 480,000. Nikamtumia hapohapo kwa simu. Likatokea jina la mwanamke, akasema ni mke wake, nikabonyeza namba ya siri. Nilibonyeza mwenyewe, kwa kidole hikihiki.

Akaandika kitu, tukangoja kama dakika mbili, akanigeuzia skrini: "Haya, fungua." Ikafunguka kabla sijapepesa macho. Nikampigia makofi. Mbele ya vijana wangu wa dukani, nikampigia makofi!

Nyie mngekataa? Kitu kimepona unakiona.

Jumamosi iliyofuata yaleyale. Akaja "kusafisha", 60,000, ikapona. Juma la pili tena, 60,000. Laki sita hizo.

Jumatano mpwa wangu, yule wa chuo, akaomba aingie aangalie. Akaandika free -h, amri ya kupima memori. Memori: giga moja, tena kasoro. Akaandika uptime: seva ina siku nne tu tangu iwashwe. Hesabu kurudi nyuma, unafika saa ileile jamaa amekaa kwenye kiti changu. Alikuwa anaizima na kuiwasha! Mwanangu wa miaka sita anaifanyia televisheni kazi hiyohiyo bure.

Ugonjwa wenyewe: PHP, programu inayotengeneza kurasa za tovuti, iliachiwa ifungue michakato (nakala zake za kuhudumia wateja) hadi 50 kwa mpigo, kila mmoja unakula kama mega 60 za memori. Piga hesabu: mega 3,000, na giga yako moja ni kama mega 1,000 tu. Wateja wakijaa, memori inakwisha, seva inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski ni kobe. Ukizima, vyote vinamwagika, inakuwa nyepesi mpaka wateja wajae tena. Dogo akashusha 50 ikawa 8. Jana Jumamosi imepita salama. Malipo yake chipsi kuku.

Dalili? Zilikuwepo. Giga zikiongezwa, ankara ya mwezi ya wenye seva inapanda. Yangu haikupanda hata shilingi, na sikuuliza. Paswedi nilimpa, akabaki nayo na yeye fundi. Lile jina la mwanamke. Zipo na nyingine, kichwa kimechemka.

Jalada nimefungua polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, imshukie huyu! Afungwe, na huko ndani wawe wanamzimia na kumwashia taa kila Jumamosi usiku, aone utamu wake.

Jina silitaji hapa, nimekatazwa. Mwenye duka mtandaoni aliyetembelewa na shati la pasi anitafute faragha. Na wewe uliyenitumia "pole" halafu ukaweka kicheko, nimekuona.