Autofs ama mstari mmoja wa fstab? Miezi tisa kwa studio yangu River Road

Niseme mapema mimi si mtu wa IT. Nina kastudio kadogo hapa River Road, Nairobi, ghorofa ya tatu, picha za pasipoti, video za harusi na ruracio, yaani sherehe za mahari, na siku hizi hata mazishi maana watu wa ng'ambo wanataka kuona laivu. Mashine tatu ziko Linux kwa sababu ile ingine laiseni zilinishinda, halafu kuna seva, yaani desktopu ya zamani tuliyotoa Luthuli, fundi akaiwekea diski mbili za tera nne nne na faili zote za kazi zinakaa humo. Hii ni rivyu ya autofs, programu ya kumaunti diski zenyewe, yaani kuziunganisha na folda, wakati unazihitaji, pamoja na ile njia ya systemd, programu inayosimamia huduma za Linux tangu mashine ikiwaka, ambayo ndio natumia saa hii. Nimetumia zote mbili na pesa yangu imo, kwa hivyo siongei nadharia.

Kwanza mjue kilichonipeleka huko. Fundi wa kwanza alikuwa ameandika kila kitu kwa fstab. Kama hujawahi kuifungua, ni faili moja tu ndani ya /etc inayoambia mashine imaunti diski zipi, kila mstari una sehemu sita: diski gani, inaingia folda gani, aina ya filesystem, masharti, halafu namba mbili za mwisho ambazo wengi huandika 0 0 bila kuuliza ni za nini. Diski ya nje ya bakapu aliiandika /dev/sdb1, masharti akaweka defaults, akachukua thao mbili yake akaenda. Ikafanya kazi wiki nzima, nikamsifu.

Ijumaa nikabeba ile diski kwa mkoba nikaenda nayo nyumbani, maana si unajua wezi wakiingia kwa studio hawachagui. Jumamosi saa mbili asubuhi mama ya bibi harusi ameketi kwa ile benchi anangoja flashi yake, nawasha mashine, inahesabu sekunde pale kwa skrini, dakika moja na nusu nzima inangoja diski iliyo kwa mkoba wangu kwa kiti, mimi sijui ndio inangojwa hiyo. Ikimaliza inasema emergency mode na eti akaunti ya root, ile ya msimamizi, imefungwa kwa hivyo hata kuingia urekebishe huwezi. Mama ananiuliza, "Kwani madam, imeharibika?" Nikamwambia hapana mama, inajiandaa tu. Ilijiandaa mpaka saa tano, fundi alipokuja na flashi yake ya Debian akaingilia huko, akafuta mstari mmoja, mashine ikawaka. Mstari mmoja bana!

Akaongeza nofail, yaani mashine iendelee kuwaka hata diski ikikosekana, akatoa sdb1 akaweka UUID, namba ya utambulisho ya diski, ile ndefu unayopata ukiandika lsblk -f, kwa sababu jina kama sdb linaenda kwa diski yoyote iliyoonekana kwanza, siku mteja akiwa ameacha flashi yake kwa mashine hiyo flashi ndio inaweza kuwa sdb. Hapo sawa. Lakini nofail nayo ina siri yake na hii ndio iliniuma kuliko ya kwanza. Diski isipokuwepo, mashine inawaka vizuri, na folda yake ya /mnt/akiba bado ipo, ila sasa ni folda tupu ya kawaida kwa diski ndogo ya mashine yenyewe. Rsync, programu yetu ya kunakili bakapu usiku, haijui tofauti. Ikaamua kunakili harusi za watu humo, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha nikarudisha diski, ikamaunti juu ya hiyo folda, na zile faili za chini zikafunikwa, huzioni kabisa. Mashine inalia nafasi imeisha, ukihesabu folda moja moja hazifiki hata nusu. Tulizunguka siku mbili! Dawa ilikuwa kumaunti mzizi wa mfumo mahali pengine kwa mount --bind / /mnt/chini, ukichungulia kule chini unakuta zimejaa pale zinakuangalia tu.

Ndio fundi wa pili, kijana mpole wa Ngara, akaniambia, "Madam, wewe hutaki diski imauntiwe mashine ikiwaka, wewe unataka imauntiwe mtu akiigusa." Akaweka autofs.

Wazo si la juzi, Sun Microsystems walikuwa nalo kwa mashine zao za SunOS tangu miaka ya 1980, wa mfumo wa FreeBSD wakaingiza autofs yao toleo la 10.1 mwaka wa 2014, na hata kwa Mac ukifungua terminali utapata /etc/auto_master imekaa kimya. Kwa Linux unaandika mstari kwa /etc/auto.master unaosema folda /studio inasimamiwa na faili fulani, halafu kwa hiyo faili unaorodhesha harusi iko wapi, mazishi iko wapi, akiba iko wapi. Mtu akiingia /studio/harusi inamauntiwa hapo hapo, akiondoka na muda uliopanga ukiisha, kwetu sekunde 120, inajitoa yenyewe. Diski isipokuwepo unapewa kosa na maisha yanaendelea. Rsync haiwezi kuandika mahali pasipofaa kwa sababu ndani ya /studio huwezi tu kuunda folda hivi hivi. Hilo peke yake lilinilipa ile pesa.

Sasa siku ya kwanza. Msichana wangu wa kuediti anafungua /studio, anakuta tupu. Hakuna harusi, hakuna mazishi, hakuna kitu. Alikuja kwangu macho yametoka, sauti hata haitoki, "Madam, faili zimeenda." Nilihisi miguu ikilegea kwa sababu tulikuwa na deposit za watu wanne. Kumbe autofs ndivyo ilivyo, haikuonyeshi jina la folda mpaka uliite kwa jina. Ukiandika cd /studio/harusi inatokea kama jini, ukitazama tu hakuna. Kuna sharti moja linaitwa --ghost, unaliongeza mwisho wa ule mstari wa auto.master, na majina yote yanaonekana hata kama bado hayajamauntiwa. Kwa nini hilo si la kawaida tangu mwanzo mimi sielewi, mtu aliyeamua hivyo hajawahi kuwa na wafanyakazi.

Kitu kingine kilichonikera, ukichelewa kuchomeka diski, yaani ujaribu kwanza ikakosa, ndipo uchomeke, autofs inakumbuka kuwa ilikosa na inaendelea kukataa kwa dakika nzima. Unasimama hapo unafikiri kebo imekufa, unachomoa, unachomeka, na kila ukijaribu unaona kosa lile lile. Ngoja tu dakika iishe. Ukitaka kuona inafikiria nini, simamisha huduma yake halafu iendeshe mbele yako na automount -f -v, itakuambia kila kitu inachofanya, hiyo sehemu ni tamu kweli na ndio ilinifundisha mambo mengi kuliko fundi.

Tulikaa nayo miezi mitano. Nikawa na folda nne tu, si mia nne, nikaanza kuuliza kama nahitaji huduma nzima na faili tatu za mipangilio kwa kazi ya mistari minne. Kijana akaniambia basi turudi fstab, nikashtuka, akacheka akasema ni fstab ya kisasa. Mstari wa seva, unaotumia NFS, yaani njia ya kufungua folda za seva kupitia netiweki, ukawa hivi:

192.168.1.10:/data/harusi /mnt/harusi nfs4 noauto,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=120,_netdev 0 0

Ni tabia ile ile, inamauntiwa ukiigusa, inajitoa ukiiacha, ila hakuna programu ya ziada, systemd yenyewe inasoma fstab na kutengeneza mtego. Ya diski ya nje ina UUID, nofail, noauto, x-systemd.automount na x-systemd.device-timeout=5s ili isingoje ile dakika na nusu yangu ya Jumamosi. Diski ikikosekana rsync inapata kosa ikiingia, haimwagi faili chini. Folda zinaonekana kwa majina muda wote, msichana wangu hakuona tofauti hata moja, na kwangu hiyo ndio alama ya kazi safi. Ukibadilisha fstab kumbuka systemctl daemon-reload, la sivyo unahangaika na mipangilio ya jana, na kabla hujazima mashine jaribu findmnt --verify, itakushika kama umekosea herufi. Ningejua njia hii ya automount mwaka jana ule mkutano wangu na mama wa harusi haungekuwepo.

Haikosi vituko. Jina la folda likiwa na kistari kama harusi-mpya, jina la yuniti, kile kitu systemd inatengeneza kwa kila mstari, linageuka mnt-harusi\x2dmpya.automount, ukiliandika bila hiyo x2d unaambiwa haipo na wewe unaiona. Na ukigonga folda haraka haraka mara nyingi wakati kumaunti kunakataa, systemd inachoka na wewe, inaifunga hiyo yuniti kabisa mpaka uiwashe upya kwa systemctl restart. Mimi mwenye mikono ya wasiwasi nilifanya hivyo wiki ya kwanza mara tatu.

Kitu ambacho zote mbili hazitibu ni stima. Seva ikizimika mtu akiwa katikati ya video, ile NFS inangoja, na itangoja mpaka kesho, mpaka hata df, amri ya kuangalia nafasi ya diski, inaganda. Kuna sharti la soft linalofanya ikate tamaa, lakini kwa faili unazoandika ni hatari, unaweza kubaki na video nusu iliyoharibika, kwa hivyo tumeacha hard, ile ya kungoja, tukanunua UPS, betri ya kushikilia stima ikipotea, ya seva na ya swichi ya netiweki. Watu husahau swichi. Seva iko hewani na swichi imelala, ni kazi bure.

Nyota zangu: autofs tatu na nusu kati ya tano. Ukiwa na shule ama ofisi ya watu wengi ambapo kila mtu ana folda yake kwa seva, pale inapanda mpaka tano, maana mstari mmoja wenye alama ya nyota (*) na alama ya & unamaunti folda ya kila anayeingia kwa jina lake, systemd hiyo haina. Kwa studio, cyber, ama mtu mwenye diski moja ya mkoba kama mimi, mstari wa fstab na x-systemd.automount, nne na nusu. Hiyo nusu nimeitoa kwa ajili ya \x2d.

Diski bado naenda nayo nyumbani kila Ijumaa. Jumamosi iliyopita niliisahau kwa meza ya jikoni kule Kayole, mashine zikawaka zote, mteja akachukua flashi yake akaenda, saa nne bakapu ikanitumia meseji kuwa haijaona diski, nikamtuma mtu wa boda.