Habu za mkono za pikapu: fungua boksi kabla hujalipa

Mwezi wa nne niliteremka kutoka Mau Narok na magunia kumi na mawili ya viazi, hadibodi yangu, yaani pikapu ya Nissan, ikiwa na habu mpya za mkono badala ya zile za otomatiki, hazijamaliza hata siku kumi tangu zifungwe. Habu ni kile kifaa cha katikati ya gurudumu la mbele kinacholiunganisha na shafti unapotumia foo wili, yaani magurudumu yote manne yakivuta; ya mkono unaifunga mwenyewe kwa kugeuza kitasa, ya otomatiki hujifunga. Kabla sijafika Njoro, usukani ukaanza kutetemeka kila nikigusa breki. Nikasema ni mzigo. Nikapunguza mwendo, ikazidi. Nikaegesha, nikapiga jeki gurudumu la mbele la kushoto, nikalishika juu na chini na kulitikisa. Lilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Fundi aliyekuja alitandaza gunia chini, akafungua habu na kuingiza mkono. Nati ya beringi, ile inayopaswa kukazwa na kufungwa isisogee, aliizungusha kwa vidole viwili bila spana. Beringi ya nje ilikuwa imeungua hadi ikawa na rangi ya samawati. Akanitazama. "Mama, hapa kuna kitu hakikuwekwa."

Kitu chenyewe ni washa, ile pete bapa inayoifunga nati isisogee, na nati ya mfumo wa mkono. Basi.

Nimeandika haya kwa sababu kila ninayemuuliza kuhusu habu ananiambia habari za uimara, chuma gani, nchi gani. Hayo utayapata kwa yeyote. Hakuna aliyeniambia kwamba gari lililotoka kiwandani na habu za otomatiki si sawa na lililotoka na za mkono, hata kama ni modeli moja, mwaka mmoja, rangi moja. Habu ya otomatiki ina sehemu mbili. Ya kwanza unaiona ukichuchumaa mbele ya gurudumu. Ya pili imejificha ndani, kwenye ncha ya ekseli, karibu na nati ya beringi: ni pete yenye kazi ya kushikilia kidogo ili habu ijue shafti imeanza kuzunguka, ndipo ijifunge. Ukihamia habu za mkono, pete ile inatoka. Kwa magari mengi ikitoka inaacha nafasi, na washa iliyokuwa inaifunga nati haikutani nayo tena inavyotakiwa. Unahitaji nati, washa na saklipu (klipu ya pete) za mfumo wa mkono. Ukirudisha za zamani kwa kubahatisha, nati inalegea polepole unapoendesha, na wewe unaendelea kusikiliza redio.

Na si ujanja wa hapa kwetu tu. Warn ya Marekani, kwa baadhi ya Ford Ranger za kule zilizotoka na habu za otomatiki, iliwahi kuuza seti ya nati za kubadilishia peke yake, mbali na habu. Maana yake hata wao wanajua boksi la habu halitoshi.

Kwa nini kubadilisha kabisa? Kwa ufupi: habu ya otomatiki hujifunga pale tu unapoweka foo wili na shafti ikaanza kuzunguka, na kuifungua lazima urudi nyuma mita moja au mbili. Sasa umekwama kwenye tope la Olenguruone, unapeleka mbele, unarudisha nyuma, mbele, nyuma. Kila ukigeuza mwelekeo inaachia na kushika upya, kwa kishindo. Ukiteremka mlima kwa gia bila kukanyaga mafuta, nyingi huachia pia, na mzigo wote unabaki kwa magurudumu ya nyuma. Habu ya mkono ukiifunga imefungwa. Unaweza hata kuifunga asubuhi nyumbani na kuendesha kwa magurudumu mawili hadi tope lianze, haina madhara, ila mafuta kidogo.

Sasa chaguo zenyewe, na sitajifanya sina upendeleo.

Aisin ya Japani ndiyo ya kwanza, na iliyo ya pili iko mbali nayo. Ni kampuni inayotengenezea viwanda vya magari vyenyewe. Simama karibu na Land Cruiser yoyote ya polisi, utazame katikati ya gurudumu la mbele, kuna uwezekano mkubwa utasoma jina hilo pamoja na maneno FREE na LOCK. Zinatengenezwa pia za Nissan, Mitsubishi, Isuzu na Suzuki. Mimi sasa nina Aisin zilizovuliwa kwenye gari jingine la aina yangu lililotoka kiwandani na habu za mkono, na hapo ndipo siri ilipo: nilinunua kila kitu kuanzia ncha ya ekseli kuja nje. Nati, washa, skrubu yake ndogo, saklipu, boliti sita, kifuniko. Ukimkuta anayevunja gari kama lako, usinunue habu tu. Mwambie, "Nipe na vya ndani." Akikuambia vya ndani vimeuzwa, endelea na safari.

Habu iliyotumika usiipime kwa macho. Geuza kitasa kwa vidole vitupu. Kikihitaji koleo, ndani kuna kutu au grisi iliyokauka, na siku ya mvua utakivunja. Kisha pitisha kidole kwenye meno ya ndani. Meno mazima yana bapa juu. Yaliyoliwa yanachoma kama kisu. Hesabu hayo meno na uyalinganishe na ya shafti yako. Usikubali kuambiwa "inaingia tu". Angalia pia mpira wa duara chini ya kitasa. Ukiwa umekatika, kila mto utakaovuka utaingia humo. Na zote mbili zifanye kazi sawasawa: moja ikikataa kufunga, difu ya mbele, zile gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, itapeleka nguvu zote upande uliolegea, na foo wili yako itabaki jina.

AVM ya Brazil ni ya pili. Inapatikana mpya, na kwa mtu asiyependa vitu vya mtumba ni jibu zuri. Lakini ukiagiza, usiseme tu aina ya gari na mwaka. Sema gari lilitoka na habu za otomatiki, kisha uulize kama nati na washa zimo. Uliza mara mbili. Ningeisogeza karibu na ya kwanza kama wauzaji wangekuwa wanalijua swali hilo kabla sijawauliza.

Warn ni chuma kizuri na historia yake ni ndefu. Arthur Warn alianza mwaka 1948 kwa kutengeneza habu za jeep za Willys zilizobaki baada ya vita. Ila akili yao iko kwa magari ya Marekani, na kwa hadibodi ya Nakuru kuagiza kutoka kule ni kulipia meli, ushuru na subira. Kama una jeep, sawa.

Zile za boksi lisilo na jina ndizo zilizonifikisha kando ya barabara ya Njoro. Usinunue.

Kuhusu aliyeniuzia sitataja duka, lakini ni hapa mjini. Nilimuuliza kama kuna kitu kingine nitahitaji, akanijibu, "Mama, fundi anajua." Fundi naye aliponifungia alisema, "Muuzaji ndiye anajua." Kati ya hao wawili ilikuwa nati moja ambayo hakuna aliyetaka kuwa nayo. Nilipomrudia na beringi iliyoungua, akanionyesha risiti: vifaa vya gari vikishafungwa havirudishwi. Kisha, bila aibu, akataka kuniuzia beringi. Bei aliyonitajia, kaka yangu alipompigia simu jioni hiyo hiyo akiulizia kitu kile kile, ilikuwa imepungua shilingi 1,200. Sijui sauti ya kiume ina punguzo gani.

Kwa hiyo fungua boksi juu ya kaunta, mbele yake, utandaze kila kitu na uhesabu. Akinuna, anune. Siku ya kufunga, simama pale fundi anapokaza nati. Kwanza anakaza huku akizungusha gurudumu, kisha analegeza kidogo, kisha anafunga washa. Ukiona amekaza mara moja na kuweka kifuniko, mwambie afungue. Baada ya kilomita mia piga jeki tena, shika juu na chini, utikise. Dakika tano.

Zile pete za habu zangu za otomatiki ziko kwenye mkebe wa Kimbo, juu ya rafu ya gereji, na grisi yake. Watu wawili wameshakuja kuziomba, na wote walikuwa wamenunua habu za mkono kwenye duka lile lile na wanataka kurudi otomatiki.