Kiev 4A: lenzi haina ubishi, kagua shata

Lenzi inayokuja na Kiev 4A, kamera ya filamu ya Kisovieti, haihitaji kutetewa. Ni Jupiter-8M ya milimita 50, f/2 (f ni kipimo cha tundu la mwanga: namba ndogo, tundu kubwa), iliyofuata muundo wa lenzi ya Sonnar ambao Ludwig Bertele aliubuni kwa ajili ya kamera za Kijerumani za Contax. Ukiifungua yote, uso hutoka laini na vilivyo nyuma yake huyeyuka taratibu. Ukiibana hadi f/5.6, unahesabu nyuzi za shati. Sehemu inayoamua kama umenunua kamera au pambo la kabatini ni shata, yaani pazia linalofunguka na kufungwa ili mwanga ufike kwenye filamu, kwa hiyo tuanze nayo.

Geuza funguo mbili za chini. Mgongo wote hutoka pamoja na kitako, ukabaki unaitazama shata uso kwa uso. Haikushonwa kwa kitambaa kama ile ya Zorki au FED, kamera nyingine za Kisovieti. Ni pazia la vipande vyembamba vya metali, mfano wa shata za madukani, linalokimbia wima. Faida yake ni kubwa kwa wanaopiga picha kwenye jua kali: jua likiingia kupitia lenzi iliyoachwa wazi halitoboi pazia hili, wakati kitambaa hutoboka. Udhaifu wake ni riboni mbili za hariri zinazolivuta, moja kila upande. Hariri ya miaka 60 huchakaa. Mulika kwa tochi ya simu pembeni mwa pazia. Ukiona nyuzi zimechomoza au upande mmoja umelegea kuliko mwingine, hesabu gharama ya fundi kabla ya kutoa hela, kwa sababu kubadilisha riboni maana yake ni kuitoa shata nzima ndani ya kamera na kuirekebisha upya. Usilisukume pazia kwa kidole, hata kidogo.

Sasa vuta shata, yaani itegeshe kwa nobu ya juu, na uijaribu kasi moja baada ya nyingine. Nobu moja ndiyo inayovuta filamu, kuchagua kasi na kubeba kitufe cha kupigia: ili kubadilisha kasi unaiinua, unaizungusha, kisha unaiachia ikae. Vuta kwanza, ndipo ubadilishe. Ukibadilisha kabla ya kuvuta, alama inaweza isilingane na kasi iliyo ndani. Kamera za miaka ya 1960 zina 1/2, 1/5, 1/10, 1/25, 1/50, 1/125, 1/250, 1/500 na 1/1250 ya sekunde, pamoja na B, ambayo huacha shata wazi muda wote unapobonyeza kitufe. Kwenye 1/2 sikiliza gia: mlio uwe wa mfululizo mpaka mwisho. Ukikwama katikati au ukaburura, mara nyingi ni grisi iliyoganda, na hiyo husafishika. Kwenye 1/1250 elekeza kamera kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, uangalie kwa nyuma. Ukiona giza tupu, sehemu mbili za pazia, inayofungua na inayofunga, zinakimbia zikiwa zimefunikana na hakuna mwanga unaopita. Kipima muda cha kujipiga kiache kilivyo. Kikikwama kinaweza kufunga shata nzima.

Tarakimu mbili za kwanza za namba ya bodi ndizo mwaka wa kutengenezwa, yaani namba inayoanza na 64 ni ya 1964. Baada ya 1945 Wasovieti walichukua mitambo ya Contax kutoka Ujerumani kama fidia ya vita, na kamera za kwanza za Kiev zikatoka 1947. Uundaji ukawa kazi ya kiwanda cha Arsenal cha Kyiv. Kadiri mitambo ilivyozeeka, ndivyo ukamilishaji ulivyolegea, na unausikia mkononi: ya miaka ya 1960 huvuta laini, ya mwisho wa miaka ya 1970 mara nyingi inakwaruza. Tunapendelea zilizotoka kabla ya 1970. Kati ya Kiev 4 na 4A, chukua 4A. Tofauti kubwa ni mita ya mwanga ya seleniamu iliyo juu ya Kiev 4, na seleniamu nyingi za umri huo zimekufa au zinadanganya. Mita isipokuwepo, kamera inakuwa fupi na nyepesi zaidi.

Bila mita, tumia kanuni ya kawaida: filamu ya ISO 100, jua la wazi, f/16 kwa 1/125, kivulini penye anga wazi, f/5.6 kwa kasi ileile. Ukiwa na shaka, fungua hatua moja zaidi. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, na shata ya zamani haikosi kuyumba kidogo. Kwa flashi usizidi 1/25.

Kipima umbali, kifaa cha kufokasi kwa kulinganisha picha mbili mpaka ziwe moja, ndicho kinachotufanya tuisifu kamera hii kwa moyo wote. Umbali kati ya madirisha yake mawili ni milimita 90, hivyo hufokasi kwa uhakika hata f/2 kwa uso ulio karibu. Ndani kuna mche mrefu wa kioo kipande kimoja, na ndiyo maana ni nadra kukuta picha mbili zimepishana kwa sababu ya kugongwa. Kitazamio chenyewe ni kidogo na chenye kiza kidogo. Wanaovaa miwani wabandike duara la mpira kwenye kijicho, maana ni cha metali na kinakwaruza kioo.

Kushika ni somo peke yake. Kidirisha cha kipima umbali kiko upande wa mkono wa kulia, pale hasa vidole vinapopenda kupumzika. Ukiona doa la kufokasia limetoweka, umekiziba. Inua vidole, acha kimoja tu kwenye kigurudumu cha kufokasi kilicho mbele ya kitufe. Meno ya kigurudumu ni makali, na watu wengi huishia kuizungusha lenzi yenyewe kwa mkono wa kushoto. Lenzi ikifika umbali wa mwisho (alama ya ∞) hujifunga, na lazima ubonyeze kikomeo kidogo pembeni mwa kigurudumu ili iachie. Usilazimishe.

Kupakia filamu: weka kaseti kushoto, ingiza ncha kwenye spuli ya kulia, vuta mpaka meno yashike matundu ya pande zote mbili, rudisha mgongo na ufunge funguo zote mbili. Vuta na upige mara mbili bure, kisha peleka kihesabu kwenye sifuri kwa ukucha, kwa sababu hakirudi chenyewe. Nobu ya kurudishia inapaswa kuzunguka unapovuta. Isipozunguka, filamu haijashika. Spuli ya kulia hutoka na hudondoka kirahisi, na kamera nyingi huuzwa bila hiyo. Omba picha ya ndani kabla ya kulipa. Mwanga ukipenya ukingoni na kuchora mstari kwenye negativu, mgongo umepinda. Uzi mwembamba mweusi wa sufu ukilazwa kwenye mfereji wa bodi kwa kawaida humaliza tatizo.

Kubadilisha lenzi kunafanyika ikiwa imefungwa kwenye umbali wa mwisho tu. Ukiiweka penginepo, kipima umbali na lenzi havitakubaliana tena hadi uitoe na kuanza upya. Milimita 50 hukaa kwenye bayoneti (kishikio cha lenzi cha kuzungusha) ya ndani, nyingine hukaa ya nje. Jupiter-12 ya milimita 35, f/2.8, ndiyo ya pili kununua. Kioo chake cha nyuma kimechomoza sana, karibu kufika kwenye shata, kwa hiyo usiilaze mezani kwa upande huo bila kifuniko. Itahitaji pia kitazamio cha ziada cha kuchomeka juu, kwani kile cha kamera ni cha 50 peke yake. Lenzi za Contax za kabla ya vita zinaingia na kufokasi sawasawa. Za Nikon za bayoneti inayofanana zinaingia pia, lakini hatua yake ya kufokasi ni tofauti, na kwenye lenzi ndefu kosa huonekana wazi. Kwa wanaoishi pwani, mulika kila lenzi kwa tochi kutokea nyuma: utando wa ukungu wenye mizizi kama ya buibui ukishakula mpako wa kioo, kusafisha hakurudishi kilicholiwa.