Semina ya Israeli kwa mahujaji, Kisumu: njoo hasa kwa kipindi cha mchana

Wakala mmoja wa safari za hija hapa Kisumu huwaandalia wateja wake semina ya siku nzima kabla ya kwenda Nchi Takatifu, na hata asiyesafiri huruhusiwa kuhudhuria kwa shilingi 1,500, chai na chakula cha mchana vikiwemo. Mada ya safari hii ilikuwa sababu zilizowafanya Wakristo wengi kuunga mkono Wayahudi wawe na nchi yao.

Asubuhi yote ilikuwa ya Maandiko. Mchungaji alianza na Mwanzo 12:3, ahadi ya Mungu kwa Abrahamu kwamba atawabariki wanaombariki, aya ambayo kila aliyekulia kanisani huku kwetu ameihifadhi, kisha akaeleza jinsi mafundisho ya mhubiri John Nelson Darby katika karne ya 19 yalivyoeneza imani kwamba Wayahudi watarejea kwao kabla ya mambo ya mwisho kutimia. Alifundisha kwa ufasaha, ila Warumi 9 hadi 11, sehemu ambayo Paulo anazungumzia hatima ya Israeli, na ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote katika suala hili, aliipitia mbiombio.

Semina ilinoga baada ya chakula, zamu ilipofika ya mwalimu mstaafu wa historia. Alitundika ramani ya Uasin Gishu ubaoni, akaeleza kwamba mwaka 1903, mwaka uleule wa mauaji ya Wayahudi huko Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipendekeza Wayahudi wapewe makazi katika uwanda huo ambao leo tunaujua kwa mahindi na wanariadha. (Wanandi, bila shaka, hawakuulizwa.) Tume ya Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wakipigania nchi yao wenyewe, ilikuja kuukagua, na mkutano wao wa mwaka 1905 ukaukataa. Hapo sababu mbili zilijitenga waziwazi: anayewatakia Wayahudi kimbilio kwa huruma ya kibinadamu angeridhika na Eldoret, lakini anayeongozwa na unabii haridhiki ila na Sayuni. Hata barua ya Arthur Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, ya tarehe 2 Novemba 1917, iliyounga mkono makao ya Wayahudi huko Palestina, alisema, ilikuwa na hesabu za vita ndani yake, kwani Uingereza ilitarajia kuungwa mkono na Wayahudi wa Urusi na Marekani. Na baada ya Wanazi kuua Wayahudi wapatao milioni sita, Wakristo wengi wasioshughulika kabisa na unabii waliikubali hoja ya kimbilio.

Kasoro kubwa ilijitokeza wakati wa maswali. Mzee mmoja kutoka Siaya aliuliza, “Mchungaji, na Wakristo Waarabu wa Bethlehemu wanasemaje?” Akajibiwa, “Mzee wangu, hilo tuliweke siku nyingine.” Ilhali viongozi wa Wakristo hao walitoa tamko la Kairos Palestina mwaka 2009, wakipinga Biblia kutumiwa kuhalalisha kukaliwa kwa ardhi yao, na hujaji atakayenunua vinyago vya mbao za mzeituni huko huenda akawa ananunua kwao.

Kijitabu tulichogawiwa kimenakiliwa vibaya na ramani zake hazisomeki, kwa hiyo keti mbele, karibu na ubao.