Uzoefu wangu na hifadhi ya funguo za blokcheni kwenye seva ya Linux

Programu ninayoizungumzia ni ya terminali, ya kuendeshea nodi (kompyuta inayoshiriki kwenye mtandao wa blokcheni) na kutuma miamala kwenye mnyororo uliojengwa kwa Cosmos SDK, zana za kujengea blokcheni. Kwa kazi yenyewe naisifu: nyepesi, amri zake zinaeleweka, kusaini muamala ni mara moja. Tabu iko kwenye hifadhi ya funguo, yaani siri za kusainia miamala, hasa ukiitoa programu kwenye kompyuta yenye skrini na kuipeleka kwenye seva isiyo nayo.

Usipochagua kitu, inatumia hifadhi iitwayo os, yaani inamkabidhi ufunguo mtunza siri wa mfumo. Kwenye kompyuta yenye GNOME (mazingira ya skrini ya Linux) hutahisi lolote, kwa sababu ukiingia kwa nywila yako, mtunza siri wake, GNOME Keyring, naye hufunguka. Kwenye seva unayoingia kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia terminali, mara nyingi mtunza siri huyo hayupo kabisa, na amri inakwama kwa malalamiko kuhusu org.freedesktop.secrets, jina la huduma ya mtunza siri. Ujumbe huo haukuelekezi pa kwenda. Anayeanza atadhani ufunguo umeharibika, kumbe hata kuandikwa haujaandikwa.

Kilichonisaidia ni kuhamia hifadhi nyingine iitwayo file. Funguo zinakaa kwenye folda ya keyring-file ndani ya folda ya programu, zikiwa zimesimbwa kwa nywila yenye angalau herufi 8. Nywila hiyo huulizwa kila amri, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Inachosha, lakini nimeikubali. Weka chaguo hilo kwenye client.toml, faili la mipangilio ya programu, ili usilazimike kuandika --keyring-backend kila mara.

Jambo ninalotaka kila mtu alijue ni hili: hifadhi hizi hazionani. Ufunguo uliotengenezwa ndani ya os hauonekani ukiwa kwenye file, na amri ya keys list, ya kuorodhesha funguo, inarudi tupu bila kukueleza sababu. Ukitanguliza sudo (kuendesha amri kama msimamizi mkuu, root), huenda programu ikatafuta kwenye folda ya root badala ya yako, nako pia ikakuta patupu. Nimeona watu wakishikwa na hofu hapo, wakaanza kuchapa maneno yao 24 ya kurejesha ufunguo kwenye seva ya kukodi, au wakafuta folda nzima ili waanze upya. Tafadhali usifanye hivyo. Angalia kwanza wewe ni mtumiaji gani, folda ipi inasomwa, na hifadhi ipi imetajwa. Mara nyingi ufunguo upo salama pale pale ulipouweka.

Hifadhi ninayoipenda zaidi kwa seva ni pass, inayosimba kwa GPG, programu ya usimbaji. Iandae kwa pass init, kisha uweke export GPG_TTY=$(tty), la sivyo GPG inaweza kukosa mahali pa kukuulizia nywila. Hifadhi iitwayo test haiulizi nywila kwa sababu inaacha funguo bila ulinzi kwenye diski. Ni ya mitandao ya majaribio tu, hata kama mwongozo unaoufuata umeiweka kwenye kila mfano.

Kwa sasa naipendekeza programu hii kwa anayeweza kufungua client.toml na kuelewa anachokisoma. Watengenezaji wakiongeza mstari mmoja kwenye ujumbe wa kosa, unaotaja hifadhi na folda iliyotafutwa, nitaipendekeza kwa yeyote.