Vitabu vya mtumba pale Posta, na bango langu lililogeuka turubai

Aisee wacha niandike hii maana kila siku naulizwa hivi vitabu unatoa wapi. Sijaagiza nje wala sina mjomba Ulaya. Vinatoka chini, chini kabisa kwenye lami, mitaa ya Posta hapa Dar ukiwa unashuka na barabara ya Samora, kwa mzee mmoja anayetandika magunia asubuhi anapanga mzigo wake halafu anakaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa anasubiri watu wa maofisini watoke kula.

Mi ni mtu wa graphics. Nadizaini mabango, vipeperushi, lebo za asali, kadi za michango ya harusi. Nusu ya kazi zangu zinakufa ndani ya wiki mbili, hilo nalijua na nimeshazoea, ndo maana napenda kushika kitu cha karatasi ambacho kimeishi kuliko mimi.

Bei kwanza. Vya kawaida buku mbili, vinene elfu tano, na kile chenye picha na karatasi ya kung'aa ujue msimbazi, yaani elfu kumi, unaondoka na bado mtaongea. Mzee anaita wateja kwa kupiga kelele "buku kwa buku, piga buku!" sema hicho cha buku moja mi sijawahi kukiona, labda vile vya mtaala wa zamani ambavyo hata shule hawavitaki tena.

Mpangilio sasa. Mara ya kwanza nilidhani hana mpangilio, kitabu cha uzazi wa mpango kimelala na cha uhasibu, pembeni kuna cha kufuga nyuki. Nikamuuliza. "Vyote bluu hivyo, mwanangu. Mtu wa Posta anapita mbio, anaona rangi kwanza, jina baadaye." Nikanyamaza. Yaani hilo somo mi nimelilipia ada. Na kweli ukirudi nyuma hatua tatu unaona vyekundu vinaanza upande wa barabara vinaisha na vyeupe ukutani, kwa sababu vyeupe vikikaa barabarani vinapigwa vumbi, saa nane tu vishakuwa vya kahawia.

Kitu bora nilichopata pale ni kijitabu cha kilimo cha East African Literature Bureau, ile ofisi ya vitabu iliyoanza 1948 enzi za mkoloni na ikafa 1977 pamoja na ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Kurasa hazifiki hata sitini. Jalada lina rangi mbili tu, nyeusi na ile nyekundu ya tofali, maana zamani kila rangi ilikuwa na sahani yake ya kuchapia na kila sahani ni hela, kwa hiyo mchoraji kaambiwa mbili basi. Sasa angalia alivyofanya, mkono wa mkulima hajauchora hata kidogo, kaacha karatasi tupu ndo iwe ngozi inayopigwa na jua, halafu wekundu ukaja kuwa udongo na shati kwa pamoja. Rangi ya tatu kaipata bure! Nimekitazama hicho kijitabu kwenye mwendokasi kutoka Kivukoni mpaka Kimara nikajikuta nimefika mwisho. Mi kwenye kompyuta nina rangi mamilioni na bado mteja ananiambia "ongeza ongeza kidogo ing'ae".

Na ndani wameacha nafasi pembeni ya maandishi, pana, inapumua. Mama yangu angesema hicho kitabu kina pindo. Ndo hivyo hasa, ukitaka kuelewa ukurasa tandika kanga, pindo linazunguka, mji uko katikati, jina linakaa chini mahali pake, na hakuna anayethubutu kujaza jina mpaka kwenye pindo. Ila kwenye kipeperushi cha mtu anayeuza viwanja, hapo wanataka namba ya simu ikae mpaka kwenye kona za karatasi.

Ubaya upo, tusidanganyane. Nilinunua riwaya moja elfu nne, nimefika patamu kabisa, ukurasa wa 112 unaruka unaenda 129. Nikarudi nayo kesho yake nimevimba. Mzee akaipokea, akaipekua taratibu kama daktari, akasema "mtumba hauna warantii, ila na wewe si wa leo" akanipa kingine kwa nusu bei. Kwa hiyo ushauri wangu, hesabu kurasa kabla hujatoa hela, na ukunje kitabu kidogo usikilize mgongo. Vya gundi vikikaa joto la Dar vinapasuka kama biskuti. Vilivyoshonwa kwa uzi havina shida, na vile vilivyoachia yeye anavipeleka kwa fundi viatu wa pale jirani, anashonewa kwa uzi ule ule wa kushonea soli. Ninacho kimoja hivyo. Kinatisha kwa sura lakini hakiachii ng'o.

Wiki hiyo hiyo nilipita duka moja la kisasa huko upande wa Masaki, jina nalihifadhi, nikakuta daftari limeandikwa "karatasi ya kurejelezwa, okoa sayari", bei elfu arobaini na tano, na limefungwa kwenye nailoni. Nikalirudisha taratibu. Kwa hela hiyo pale chini natoka na vitabu ishirini na hela ya maji, na nabeba kwenye mfuko mbadala wangu ule ule niliopewa sokoni 2019 nailoni zilipopigwa marufuku, umechakaa ila upo.

Sema wauzaji wamepungua. Machinga walipoondolewa mabarabarani mwishoni mwa 2021 mzee naye alipotea miezi kadhaa, nilidhani ndo basi. Wenzake wengine hawakurudi, yeye karudi na mzigo nusu na anakaa kiupande upande, jicho moja kwa mteja jicho moja kona ya barabara. Ukitaka kipya, safi, chenye risiti, TPH (Tanzania Publishing House) wapo hapo hapo Samora, nyumba ya uchapishaji ya tangu 1966, Kiswahili kimejaa rafu na hamna vumbi. Mi naenda kote kuwili.

Sasa bango. Juzi kati mvua ya vuli ikatukamata ghafla, mzee akavuta turubai akafunika mzigo wote kwa mkupuo mmoja, hata sekunde kumi hazikufika, nami nikashika kona moja nimsaidie. Kona ikajikunja upande wa chini. Nikaona njano. Ile njano naijua, nilibishana na mteja siku mbili kuhusu ile njano! Nikainua zaidi, kumbe ni bango langu mwenyewe la promosheni ya simu, mdada anacheka, meno yote nje, chini yake maandishi niliyoyalalamikia kuwa yamezidi. Barabarani lilikaa siku kumi na nne likashushwa. Mzee alilipata kwa kijana anayeshusha mabango, elfu tatu, na ana miaka mitatu nalo, hiyo plastiki haiozi leo wala kesho. Kageuza upande mweupe juu kwa sababu, anasema, sura ya yule dada ilikuwa inavuta watu kuuliza vocha.

Nikamwambia mzee hili nimelichora mimi. Akaniangalia, akaliangalia, akapitisha kidole kwenye mshono wa pembeni pale kwenye vitundu vya kamba.

"Imara," akasema. "Huna lingine kubwa kidogo? Hili vyeupe havienei."